Ukipata Sita, Unatoka

Mara ya kwanza alikuja na kamera, mara ya pili akaja na maboksi. Kati ya safari hizo mbili ulipita mwaka mmoja, na mwaka huo wote mimi nilikuwa nikimsifu kwa watu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mimi ni mtu wa Garissa, nimezaliwa na kusomea pale pale mjini, na nilipomaliza chuo cha ualimu nikapangiwa shule ya msingi katika kituo kidogo magharibi ya Wajir, upande wa barabara ya Griftu. Jina la kituo sitalitaja. Watu wake wameshatajwa vya kutosha na watu wasiowajua. Nilifundisha Kiswahili na Jiografia, darasa la sita hadi la nane. Kiswahili kule kilikuwa lugha ya darasani, ya ofisini, na ya kuzungumza na mtu usiyemjua. Kengele ya mwisho ikilia, watoto walikivua kama viatu vinavyobana, wakarudi kwenye Kisomali chao.

Mgeni alikuwa kijana wa Nairobi, umri wangu hasa. Alijitambulisha kuwa mtaalamu wa michezo ya elimu, na alilitamka neno hilo "mtaalamu" taratibu, ili nisije nikalipoteza. Yeye na wenzake walikuwa watatu au wanne wenye kiofisi chao, wanatengeneza mchezo wa mezani mithili ya ludo, wa kumwezesha mtoto kuizuru nchi nzima bila kuondoka kwenye dawati. Uliitwa Kenya Bila Nauli. Mtoto wa Lamu ataufikia mlima, mtoto wa Kisii atauona Mto Tana. Nilipomsikia nilifurahi kweli. Wanafunzi wangu wengi hawakuwa wamefika hata Wajir mjini.

Tatizo lake, alisema, ni kwamba upande wetu wa ramani ulikuwa mtupu. Alikuwa na ngamia, alikuwa na mchanga, basi. Alitaka historia. "Kitu kizito," aliniambia, "kitu cha kumfanya mtoto asimame." Nami, mwalimu wa miaka ishirini na sita niliyekuwa sijaulizwa jambo lolote la maana tangu nifike pale, nikamwambia kipo.

Nikampeleka kwa mama aliyekuwa akiiletea shule maji. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwenye punda wawili na mkokoteni wa mapipa, mwembamba, mwepesi wa hatua na mzito wa maneno. Nilimwita eeddo, yaani shangazi, kama ilivyo adabu kwetu kumwita mwanamke wa rika la dada za baba, ingawa ukoo wetu haukuwa mmoja. Yeye aliniita maalim. Nilipofika kituoni ndiye aliyenitafutia nyumba, na kila Ijumaa alinipelekea maziwa bila kuombwa. Kwa hiyo nilipomwomba amsimulie mgeni habari ya zizi, hakunikatalia. Alinikubalia mimi. Mama hata hakumtazama mgeni.

Nyuma ya kituo, mwendo wa saa moja kwa miguu, palikuwa na zizi la karantini, uwanja mkubwa uliozungushiwa nguzo na seng'enge. Lilijengwa zamani kwa ajili ya ng'ombe wanaosubiri kupimwa maradhi kabla ya kupelekwa sokoni. Zaidi ya miaka kumi kabla ya mimi kufika, enzi za sheria ya hali ya hatari, wanaume wa kituo walitolewa majumbani alfajiri wakafungiwa mle. Watu wa pale hawasemi waliowafungia ni kina nani. Husema "wale waliokuja". Wanaume walikaa siku nne juani bila maji. Wanawake walibeba maji hadi kwenye seng'enge, wakafukuzwa, jerikani zikapigwa mateke, wakaenda kuteka mengine wakarudi. Baadhi ya wanaume walitoka. Mumewe hakutoka.

Alisimulia hayo akiwa ametupa mgongo, anafunga kamba za punda. Maneno yake yalikuwa machache. Mimi nikatafsiri, tena nikatafsiri vizuri, na pale nilipoona kalamu ya mgeni inapunguza mwendo nikaongeza chumvi kidogo. Mama mwenyewe hakuongeza hata punje. Alipomaliza aliomba jambo moja tu: "Mwambie aandike kwamba tulipeleka maji." Nikamwambia. Mgeni akatikisa kichwa kwa huzuni ya kupendeza, akaandika, akapiga mstari chini ya maandishi. Mstari niliuona kwa macho yangu.

Kisha tukaenda zizini kwa gari lake la kukodi. Nasema tukaenda, lakini yeye ndiye aliyeshuka. Mimi nilibaki garini, nimefungua mlango ili nipate upepo, nasikiliza redio. Alipiga picha muda mrefu, akazunguka nguzo, akapiga magoti, akapanda juu ya gari. Aliporudi alikuwa ametota jasho na anacheka. "Hii ni mali safi," alisema. Na mimi nikacheka naye.

Mwaka uliofuata alirudi, na safari hii hakuwa peke yake. Alifuatana na ofisa mmoja wa elimu, mwanamume mnene mwenye tabia ya kuvua kofia anapopigwa picha na kuivaa kamera ikiondoka. Walishusha maboksi sita. Wanafunzi wa darasa la saba waliagizwa wakae kwa makundi, meza zikaunganishwa, na ubao ukafunuliwa.

Ulikuwa mzuri, sitasema uongo. Ramani ya nchi yenye rangi zinazong'aa, na njia ya vyumba vidogo vidogo inayoanzia Mombasa na kuishia Mandera. Unarusha dadu, unasogeza kete, unasoma chumba ulichotua. Mombasa: umeogelea baharini, songa mbele mara mbili. Naivasha: umeona kiboko, rusha tena. Kisumu: umekula samaki, songa mbele mara moja. Ukivuka Mto Tana, mambo yanageuka. Garissa: joto kali, kosa zamu. Liboi: huna kitambulisho, rudi Garissa. Watoto walicheka sana hapo Liboi, kwa sababu baba zao Wasomali walitembea na vitambulisho viwili, cha pili cha kuthibitisha uraia wao, wakati Wakenya wengine walitembea na kimoja, na hata hivyo viwili mara nyingi havikutosha. Mandera, mwisho wa safari, palichorwa bendera na mtu mwenye kofia ya kizungu akifuta jasho. Nikajiuliza ni nani aliyefika mwisho, mtoto anayecheza au huyo wa kofia.

Na pale Wajir palikuwa na chumba kikubwa kuliko vingine vyote, chekundu, kimeandikwa Zizi la Mauti. Nakumbuka maneno yake yote: "Umeingizwa zizini. Ukipata sita, unatoka. Zamu tatu zikipita bila sita, umekufa. Rudi Mombasa uanze upya."

Nilisoma mara mbili. Nilimwangalia mgeni nikidhani atakuwa ameinamisha uso. Alikuwa ananitazama akingoja sifa.

"Hapo ndipo uliponisaidia sana," aliniambia. "Tulipoujaribu Nairobi, watoto wote walikipenda chumba hicho kuliko vyote. Kina msisimko."

Ningependa kuandika kwamba nilifunga ubao ule pale pale. Sikufunga. Ofisa alikuwa amesimama, kamera ilikuwa tayari, na mimi nilikuwa na barua ya kupandishwa daraja iliyokuwa ikingoja mahali fulani juu ya meza ya mtu kama yeye. Nikapiga makofi mara mbili nikawaambia wanafunzi waanze.

Na wakacheza. Wakacheza kwa furaha, na siwezi kuwalaumu, maana mtoto ukimpa dadu atairusha. Msichana mmoja mrefu wa kundi la mbele, hodari wa hesabu, kete yake ilitua kwenye chumba chekundu. Babu yake mzaa baba alifia mle. Alijua, sote tulijua, lakini lililokuwa mbele yake ni karatasi na rangi na wenzake wakimhesabia. Akarusha, mbili. Akarusha tena, tatu. Kundi lote likasimama. Akaipuliza dadu, akarusha mara ya mwisho, ikaja sita, na darasa zima likalipuka: ametoka, ametoka.

Mama wa maji alikuwa nje ya dirisha, anamimina maji kwenye pipa la shule. Kelele zilipopanda aliacha ndoo akaingia mlangoni, ushungi wake umelowa upande mmoja. Aliniuliza kwa Kisomali wanashangilia nini. Nikamjibu ni mchezo wa hesabu.

Hakuwa amesoma, lakini hakuhitaji kusoma. Mchoraji wa Nairobi alikuwa amefuata picha za mgeni kwa uaminifu mkubwa: nguzo zilizoinama, lango la miba, mgunga mmoja katikati. Mama aliusogelea ubao akainama. Alikaa hivyo kitambo, kidole chake kikipita juu ya seng'enge ya kuchorwa, nguzo hadi nguzo. Kilifika mwisho wa picha kikarudi.

"Sisi tuko wapi?" aliniuliza, bado kwa Kisomali.

Nilijifanya sikuelewa. Akauliza tena, wanawake wako wapi, na maji yako wapi. Ndani ya zizi palichorwa wanaume waliokaa, wadogo kama mchwa. Nje ya seng'enge palikuwa na mchanga tu. Nikasema labda nafasi haikutosha. Hilo ndilo jibu nililompa: nafasi.

Akaniomba nimweleze dadu inafanya kazi gani. Safari hii nilimweleza ukweli, kwa sababu wanafunzi walikuwa wanasikiliza na wanajua Kisomali kuliko mimi. Aliposikia aliacha kunitazama. Alimgeukia mgeni akasema naye moja kwa moja, kwa kile Kiswahili alichookota kwa wenye maduka na kwenye vizuizi vya barabarani.

"Ukibata sita, unatoka?"

"Ndiyo, mama," mgeni akajibu, akitabasamu kwa yale matamshi. "Ukipata sita unatoka."

"Sisi hapa, nani alibata sita?"

Mgeni aliniangalia mimi, kana kwamba tafsiri imeharibika mahali. Basi akaanza kueleza. Alisema ni njia ya kisasa ya kuhifadhi historia, kwamba watoto wa siku hizi hawasomi, wanacheza, na ukitaka wakumbuke huna budi kuwawekea kumbukumbu ndani ya mchezo ili wasisahau. Alisema kwa upole, na nadhani aliyaamini maneno yake, jambo ambalo kwangu lilimfanya azidi kuwa duni. Mwongo angalau hujua anachokificha.

Mama alimsikiliza hadi mwisho.

"Hapa hakuna mtoto nasahau," alisema. "Wewe ndio ulikuja uliza."

Akanyosha mkono, akaichukua dadu kutoka mbele ya yule msichana, akaikunja kwenye pindo la ushungi wake. Akatoka. Tulimsikia anamalizia kumimina maji, maana pipa lilikuwa halijajaa, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Kisha punda wakaondoka.

Ofisa alikuwa wa kwanza kusema. Hakusema lolote juu ya zizi. Alisema ile dadu ni mali ya programu, na kwamba picha bado hazijatosha. "Maalim," akaniambia, "tengeneza nyingine."

Nikatengeneza. Nilichukua kifutio kipya, nikakikata kwa wembe kikawa mraba, nikakitia madoa kwa kalamu ya wino, moja hadi sita, kwa uangalifu, kwa sababu mikono yangu ilifurahi kuwa na kazi ya kufanya. Mchezo ukaendelea. Lakini watoto walikuwa wameshazima. Walirusha kifutio changu kwa utiifu, wakasogeza kete, na kila aliyekaribia chumba chekundu alihesabu vibaya makusudi ili asitue. Ofisa hakuligundua hilo. Alivua kofia, picha ikapigwa.

Watu wawili hao niliwadharau siku ile na ninawadharau bado, na sijioni nimekosea. Lakini ofisa hakujua hata zizi liko upande gani, na mgeni alikuwa mjinga mwenye bidii. Mimi nilijua. Kati yetu watatu, aliyekata kifutio ni mimi.

Baada ya siku ile mama hakuacha kuiletea shule maji. Maziwa ya Ijumaa yalikoma, lakini hilo ningelitarajia. Lililoniumiza ni lugha. Tangu siku ile alinisemesha kwa Kiswahili. Hata tukiwa wawili tu, hata kwa salamu, alikusanya yale maneno yake machache yaliyopinda na kunipa, kama anavyompa askari wa kizuizi cha barabarani. "Habari, mwalimu. Maji najaa. Kwaheri, mwalimu." Sikuwa maalim tena. Nilimjibu kwa Kisomali mwezi mzima, na mwezi mzima alinirudishia Kiswahili, mpaka nikachoka nikamfuata.

Wakati huo ofisa aliniandikia barua akitaka ripoti, na pia akitaka kujua dadu ya asili imepatikana au la. Nilimwuliza mama. Alisema ameitupa chooni, na hakusema kwa hasira. Niliandika kwamba imepotea. Kuhusu mchezo niliandika kwamba wanafunzi waliufurahia, ila chumba kimoja "kingehitaji kuangaliwa upya kulingana na mazingira". Niliona fahari kwa sentensi ile. Nilidhani ni ujasiri.

Likizo iliyofuata waliniita Garissa kwenye kikao cha tathmini, katika ukumbi wa hoteli si mbali na mto. Palikuwa na walimu wapatao ishirini kutoka wilaya zetu, soda baridi, na sambusa zilizopangwa kama piramidi. Mgeni alikuwa amevaa koti. Alitundika ubao mpya ukutani. Liboi walikuwa wamepabadilisha: umeuza mbuzi, songa mbele mara moja. Garissa: umekula tikiti maji, rusha tena. Na pale palipokuwa pekundu sasa palikuwa na rangi ya kijani, ngamia anayecheka kwa meno yote, na maneno: "Umefika Wajir. Kunywa maziwa ya ngamia. Songa mbele mara mbili."

Alieleza kwamba wamepokea maoni kutoka nyanjani, hapo akaninyoshea mkono, na kwamba wameamua kuondoa mambo ya siasa. Walimu wenzangu wakapiga makofi. Mmoja akasifu kwamba ngamia amechorwa vizuri.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga. Nilisema kwamba mara ya kwanza waliwachezea maiti zetu kamari, na sasa wamewafukia chini ya kibuyu cha maziwa. Nilisema pale mahali si pa kuchezea wala pa kufutia. Sauti yangu ilipanda juu kuliko nilivyotaka, na neno "maiti" liliwafanya wale waliokuwa na sambusa mdomoni waache kutafuna. Ofisa akaniambia, "Maalim, keti."

Lakini mgeni alimzuia. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa akitabasamu.

"Basi ulitaka tufanye nini?" aliuliza. "Tukiweka mnalia. Tukitoa mnalia. Wewe ndiwe ulinipeleka kwa yule mama. Niambie, ungechora nini?"

Nilikaa chini. Nimelifikiria swali lile miaka mingi, na kinachoniudhi ni kwamba lilikuwa swali zuri, na lilitoka kwenye kinywa kile.

Niliporudi kituoni nilimpelekea mama habari. Nilimkuta kisimani, jua limeshapanda, anangoja zamu yake ya kuteka. Nilimwambia wamelifuta zizi wameweka maziwa. Nilidhani atahuzunika au atafurahi, sijui nilidhani nini. Alicheka puani.

"Sasa nakunywa masiwa," alisema. "Asante yao."

Nikamwuliza, kwa unyenyekevu niliodhani unatosha, ni kitu gani kingefaa kuwekwa pale. Akanitazama toka kichwani hadi kwenye viatu. Aliniuliza ni miaka mingapi niko pale. Mitatu, nikasema. Akauliza ni mara ngapi nimefika zizini kwa miguu yangu. Hakungoja jibu; alishajua kuwa siku ile nilibaki garini, maana mchungaji yeyote aliyekuwa karibu alikuwa ameniona na kituo ni kidogo.

"Wewe nataka chora," alisema. "Fika kwanza."

Tulienda Jumamosi, mimi na wanafunzi wa darasa la saba. Wazazi niliwaomba ruhusa mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na wawili walinikatalia, nikawaacha watoto wao. Mama alitangulia na punda mmoja na jerikani nne. Sheria alizitoa yeye, kwa Kisomali, akiwaambia watoto na kuniruka mimi: hakuna kukimbia, hakuna mpira, hakuna kuokota kitu.

Hapakuwa na la kuona. Hilo ndilo lililonishangaza. Tangu picha zile zipigwe, seng'enge ilikuwa imeng'olewa ikaenda kuzungushia bustani za watu, nguzo zilibaki chache, na ule mgunga wa kwenye picha ulikuwa umekatwa, nadhani kwa makaa. Mbuzi wa mtu walikuwa wanakatiza katikati. Mvulana mmoja aliuliza ni hapa kweli. Mama akasema ni hapa. Akatupeleka upande wa mashariki, hatua kama thelathini kutoka palipokuwa lango, akasimama.

"Sisi tulikuwa hapa," aliwaambia watoto.

Akawaonyesha jerikani zilipoanguka, wapi ardhi ilinyonya maji, na umbali gani walifukuzwa kabla ya kurudi. Aliwataja wanawake aliokuwa nao, kwa majina na kwa majina ya baba zao. Karibu kila jina lilipotajwa mtoto mmoja aliinua kichwa, kwa kuwa ni bibi yake, au ni mama yake aliyempikia chai asubuhi ile. Walikuwa hawajui. Habari za wanaume walizijua zote. Za wanawake hawakuwahi kuambiwa, na mimi niliyezisikia mwaka mzima kabla yao nilikuwa nimezitafsiri kwa mgeni tu.

Kisha akakaa chini, nasi tukakaa. Hatukupewa kazi ya kuandika wala swali la kujibu. Jua lilipanda, watoto wakaanza kuhangaika, wakatulia, wakahangaika tena. Nilitaka kusema kitu cha kufungia, mwalimu hutaka kufunga kipindi, lakini kila sentensi niliyoitunga ilikuwa na harufu ya ule ukumbi wa Garissa. Nikaacha. Baadaye yule msichana mrefu aliomba tusome Fatiha. Tukasoma. Mama akainuka akafungua jerikani, akamimina maji kikombe kwa kikombe, kila mtoto akanywa akiwa amekaa. Kikombe kiliponifikia mimi kilikuwa kimejaa sawa na vya wengine.

Njiani kurudi nilimwuliza mama kama tungeweka kibao, kidogo tu, chenye maneno machache, mtu apitaye ajue.

"Maneno ya nani?" aliuliza.

Nikasema tungeyatunga pamoja. Akampiga punda mgongoni kwa kiganja, akaharakisha mwendo. Alisema kwa Kiswahili chake kwamba wale wanaopita wakitaka kujua watauliza, na wakiuliza vibaya hawatajibiwa.

Muhula uliofuata nilipata uhamisho kwenda Mandera, bila kupandishwa daraja. Shule niliyopelekwa ilikuwa na boksi la Kenya Bila Nauli kwenye kabati la ofisi, limetolewa plastiki lakini halijachezwa, kwa kuwa mwalimu mkuu aliogopa watoto wangepoteza kete. Ndani yake palikuwa na kijitabu cha maelekezo. Ukurasa wa mwisho waliwashukuru waliosaidia, na miongoni mwao walikuwa "walimu na jamii za Kaskazini Mashariki kwa ukarimu wao". Nilikisoma nikiwa nimesimama, nikakirudisha mahali pake, nikaenda kufundisha.